Maswali ya Wasomaji: Pilipili, Nyuki na Pua ya Tembo

SWALI: Shamba langu la mahindi, eka moja, liko karibu na mpaka wa Hifadhi ya Mikumi. Nimelizungushia kamba ya pilipili. Mwanzoni tembo waligeuza njia, sasa wanaipita tu. Wamezoea? Nihamie kwenye mizinga ya nyuki?
*Mkulima, Kilosa*

JIBU: Kabla ya kumshuku tembo, nenda ukanuse matambara yako. Tembo ana jeni za kunusa zipatazo 2,000, zaidi ya mara mbili ya mbwa, lakini kinachomrudisha si harufu peke yake. Ni muwasho wa kapsaisini, kemikali inayoifanya pilipili iwashe, ndani ya mkonga. Pilipili ikishapauka kwa jua au kuoshwa na mvua, harufu hubaki kidogo bila muwasho, na hapo ndipo anapojifunza kwamba kamba yako haina madhara. Kamba iliyochoka ni mbaya kuliko kutokuwa na kamba.

Twanga pilipili kichaa iliyokauka kabisa pamoja na mbegu zake (funika pua na macho), changanya na oili chafu mpaka iwe uji mzito, kisha paka matambara na kamba ya katani. Oili ndiyo inayoshikilia pilipili mvua inaponyesha. Rudia kila baada ya mvua kubwa, na kiangazi kila wiki mbili au tatu. Usipake karibu na kisima. Usiku wa hatari ongeza moshi: sehemu moja ya pilipili kwa mbili za kinyesi cha tembo, finyanga matofali, yakauke, kisha yafukize upande upepo unakotoka. Upepo ukigeuka, utakaokohoa ni ninyi.

Mizinga ni nzuri, ila ni kazi ya mfugaji nyuki, si ya fundi uzio. Kwa eka moja weka mizinga 12 na mbao 12 za bandia zenye umbo la mzinga, kwa kupokezana, kila mita 10. Ining'inize usawa wa kifua na uunganishe yote kwa waya. Kosa tunaloliona sana ni kuukaza waya kwenye nguzo. Usiku nyuki hutulia, kwa hiyo bila mzinga kutikiswa hawatoki. Waya ufungwe kwenye mzinga wenyewe, tembo akiusukuma mzinga uyumbe. Ngozi yake ni nene, lakini kuzunguka macho na ndani ya mkonga nyuki humpata.

Kule Sagalla, jirani na Tsavo nchini Kenya, uzio huu umewarudisha tembo wengi, ila ukame ulipobana makundi ya nyuki yalipungua na uzio ukadhoofika. Weka maji yenye vijiti vya nyuki kutua, na paka grisi kwenye nguzo kuzuia siafu. Mpaka mizinga iingie nyuki, usiache pilipili.

SWALI: Taa za hoteli yetu zinapotosha watoto wa kasa. Lazima tuzime zote?
*Meneja, Watamu*

JIBU: Zile zinazoonekana kutoka mchangani, ndiyo, msimu wa kuanguliwa. Kasa mchanga hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni bahari, na mwanga mweupe na wa buluu ndio unaomvuta zaidi. Taa isiyoweza kuzimwa ishusheni chini, ifunikeni upande wa bahari na mtie balbu ya rangi ya kaharabu au nyekundu. Kisha simameni usiku kwenye mstari wa maji mkitazama hotelini: balbu yoyote mnayoiona bado inahitaji kifuniko.