Maswali ya Wasomaji: Mji Mkongwe kwa Picha Nyeusi na Nyeupe

Swali: Bwana Mhariri, mimi ni mkazi wa Ng'ambo, Unguja, na tangu mwaka jana ninapiga picha nyeusi na nyeupe za Mji Mkongwe kwa kamera ya dijitali. Nilimpiga mama mmoja, kwa idhini yake, akiwa amevaa kanga nyekundu mbele ya dirisha la kijani. Kwa macho alipendeza mno, lakini katika picha amemezwa na dirisha. Kuta nyeupe nazo hutoka kama zimepakwa majivu. Ninakosea wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, hukukosea kuipenda picha hiyo. Ulichokosa ni kutenganisha mambo mawili ambayo jicho huyapokea kwa pamoja, yaani rangi na mwangaza. Nyekundu na kijani hutofautiana sana machoni, lakini mara nyingi kiasi cha mwanga kinachorudishwa na nguo nyekundu hukaribiana na kile kinachorudishwa na mbao za kijani, na rangi ikishaondolewa hakibaki kingine isipokuwa kiasi hicho. Kabla ya kupiga, fumba macho nusu na uutazame mtaa kupitia kope. Kinachoendelea kujitenga na jirani yake katika hali hiyo ndicho kitakachojitenga katika picha. Waweza pia kuiweka kamera ioneshe nyeusi na nyeupe kwenye kioo chake huku ikihifadhi faili ghafi, ambalo halijachakatwa na bado lina rangi zote.

Faili hilo ndilo litakaloiokoa picha yako ya kanga. Wapigapicha wa filamu walikuwa wakifunga mbele ya lenzi filta ya njano, ya machungwa au nyekundu, kwa sababu filta hupitisha mwanga wa rangi yake na kuzuia ule wa rangi iliyo kinyume chake. Leo programu nyingi za kuhariri picha hufanya kazi hiyo kwa kukuruhusu kupandisha au kuteremsha mwangaza wa kila rangi peke yake. Wengi watakushauri upandishe nyekundu ili kanga ing'ae, nami nakusihi usifanye hivyo kwa haraka: nyekundu ikipanda sana hukaribia nyeupe, na kama maua na jina la kanga yameandikwa kwa nyeupe, vyote vitafutika, na kanga isiyosomeka jina imepoteza nusu ya maneno yake. Ngozi ya mama huyo nayo ina wekundu mwingi ndani yake, hivyo itapauka na kupoteza weusi wake. Teremsha kijani, dirisha litakuwa jeusi, naye atatoka mbele bila ya kuguswa.

Ama kuta, kosa ni la kipimo cha mwanga cha kamera, ambacho kimetengenezwa kukisia kwamba kila kilicho mbele yake kina kijivu cha katikati. Majengo ya Mji Mkongwe yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa, na ukuta wa aina hiyo ukijaa katika fremu, kamera huona mwanga umezidi, ikaupunguza. Tumia kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ukisogeze hadi kujumlisha moja, maana yake uupe mwanga mara mbili. Usivuke hapo bila ya kuangalia, kwa kuwa uzuri wa ukuta wa chokaa uko katika ukungu, michirizi ya mvua na lipu iliyobanduka, na mwanga ukizidi vyote hivyo huwa karatasi tupu.

Swali: Nitakuja Unguja kutoka Tanga kwa siku 3 kwa ajili ya milango ya kuchonga. Nipige saa ngapi?

Jibu: Nakshi huonekana kwa kivuli chake, na kivuli huja pale mwanga unapopita ubavuni mwa mlango. Unguja iko takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu utosini kabisa. Saa hizo, katika uwanja wa wazi, kila kichwa cha mlango hutupa kivuli kizito chini yake. Vichochoro ni jambo jingine. Kwa kuwa ni vyembamba na kuta zake ni ndefu, asubuhi ya saa tatu au saa nne jua hugonga sehemu ya juu ya ukuta mmoja, likarudi kwa upole kwenye ukuta wa pili, na mlango ulio hapo hupata mwanga ambao hakuna taa ya studio inayoushinda. Majengo ya Forodhani yanayotazama baharini yaachie alasiri, baada ya saa kumi. Ukiukuta mlango wenye mtu aliyekaa barazani, piga hodi kwanza na usalimie, kwa sababu baraza ni sehemu ya nyumba.

Swali: Je, kuuondolea mji rangi si kuufanya uonekane wa kale kuliko ulivyo? Mimi ni wa Mombasa, na jambo hili hunisumbua ninapopiga Mji wa Kale wetu.

Jibu: Hofu yako ni ya haki. Udanganyifu hauanzi kwa kuondoa rangi bali kwa kufuta nyaya za umeme, madishi ya satelaiti na pikipiki ili mtazamaji adhani yuko zama za Sultani. Viache. Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, aliupiga mji wa wakati wake, na ndiyo maana picha zake zina thamani leo. Beit el-Ajaib, jumba alilojenga Sayyid Barghash mwaka 1883, lilikuwa limesimama kwa zaidi ya karne wakati sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na waliolipiga kabla ya siku hiyo, hata kwa kamera dhaifu, wameshika kitu ambacho hakipigiki tena. Kwa hiyo andika tarehe na jina la mtaa kwa kila picha, na faili la rangi ulihifadhi pamoja na nakala yake nyeusi na nyeupe, kwa sababu fundi atakayekuja kukarabati jengo siku moja atataka kujua dirisha lile lilikuwa la kijani gani.