Kabati lililojaa sare za watu

Mwezi wa saba, baridi ya Moshi ikiwa imekaza, nilitoa nguo zote kabatini nikazitandaza kitandani. Magauni 14. Kati ya hayo, 9 yalikuwa sare: send-off ya binamu, harusi za kanisani, kipaimara cha mtoto wa jirani. Kitambaa alichagua mwenyekiti wa kamati, rangi ikatangazwa kwenye kundi la WhatsApp, mimi kazi yangu ikawa kutuma hela. Na bado nilikuwa najisifu kwamba vitenge ndiyo mtindo wangu!

Mama zetu walibanwa na wakubwa zaidi. Mwaka 1969 Operesheni Vijana, kampeni ya vijana wa chama cha TANU, ilipiga marufuku sketi fupi na hata mawigi kule Dar es Salaam. Leo hakuna mgambo, kuna mashangazi.

Sikwambii ukatae sare. Ukoo hautakuelewa, na mimi mwenyewe bado nachanga. Ila kamati inachagua kitambaa tu, mshono ni wako, na hapo ndipo tunapolegea. Tunampelekea fundi picha ya mrembo wa Lagos mwenye mikono iliyotuna kama maputo, halafu tunabanana nayo kwenye daladala ya Kibosho.

Siku hizi kabla kitambaa hakijakatwa najiuliza: baada ya sherehe nitakivaa wapi? Sare ya mwisho nilishona blauzi na sketi ya marinda badala ya gauni refu. Blauzi naivaa na jinzi Jumamosi, sketi inakwenda kanisani na sweta la mtumba kutoka soko la Memorial hapa Moshi. (Sweta nunua Januari, jua likiwaka na hakuna anayeyatazama. Ukisubiri baridi, utalia na bei.)

Khanga nayo isimamie mwenyewe. Niliwahi kumwachia fundi doti nzima anishonee gauni, sikumwonyesha jina, yale maandishi ya khanga, likae wapi. Akaliweka makalioni. Mama mkwe, ambaye hapitwi na maandishi, alilisoma kwa sauti mbele ya wageni, kisha akaomba nigeuke amalizie. Sasa naweka alama ya chaki mwenyewe.

Juzi kamati nyingine imetangaza rangi: damu ya mzee, ambayo hainipendezi hata kidogo. Hela nimeshatuma. Fundi nimemwambia asiguse mkasi mpaka nifike.