Hujalishwa limbwata, mdogo wangu

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 28, nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mchumba wangu akichelewa kupokea simu mikono inaanza kutetemeka, nafunika mzigo naenda kusimama karibu na kwao Igoma mpaka nimwone. Amechoka, anasema ataniacha. Marafiki wanasema nimelishwa limbwata, na mganga anataka laki mbili anifungue. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Hiyo laki mbili usiitoe.

Hili la limbwata nalisikia kila mara na linanikera, kwa sababu linambebesha mwanamke kosa asilolifanya. Hebu fikiri: aliyekulisha dawa ili umgande, atakutishiaje kukuacha kwa sababu unamganda?

Ulicho nacho ni utegemezi wa kihisia, na unakua hivi. Hofu inapanda, unakimbilia Igoma, unamwona, hofu inashuka palepale. Ubongo unajifunza kwamba bila safari ile huwezi kutulia, na kesho hofu inawahi zaidi. Mganga naye atakupa nafuu ya namna hiyohiyo: siku chache, kisha unarudi na pesa nyingine.

Mara nyingi, ingawa si mara zote, mizizi iko mbali. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwafuatilia akina mama na watoto wachanga vijijini karibu na Kampala, ng'ambo ya ziwa letu hili. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake huthubutu kutambaa mbali naye na kucheza. Ndiyo maana mtaalamu atakuuliza nani alikulea na nani aliwahi kukuacha. Atakuuliza pia usingizi na hamu ya kula, kwa kuwa sonona na wasiwasi hujificha humo. Vidonge hupewa mwenye maradhi hayo. Utegemezi wenyewe hutibiwa kwa mazungumzo, wiki hadi miezi, ukijizoeza kuiacha hofu ishuke bila kumfuata mtu.

Hospitali za Bugando na Sekou Toure hapo Mwanza kuna huduma za afya ya akili. Kituo cha afya kilicho karibu nawe kinaweza kukuandikia rufaa. Kwenda huko si kuwa kichaa. Kwa sasa acha kabisa kusimama karibu na kwao: kwako ni mapenzi, kwake ni vitisho.

Na wasomaji wengine, waganga wa kubandika matangazo kwenye nguzo za umeme sasa wana wenzao mtandaoni, wanaojiita makocha wa mahusiano. Muulizeni kila mmoja amesomea wapi na amesajiliwa na nani. Anayetaka picha ya mwenzako na pesa kabla hajakusikiliza, au anayeahidi kumrudisha mpenzi ndani ya siku saba, ni tapeli. Wapo walionifikia wakiwa wameuza hadi mtaji, na ugonjwa umekomaa.

Aliyeanza kuwaza kujiua kwa sababu ya kuachwa asisubiri tarehe ya kliniki. Aende leo hospitali iliyo karibu, akisindikizwa na mtu.