VPN ya kazini inaunganika ila faili zinaganda

Ndugu, kama VPN (njia salama ya kuingia mtandao wa kazini kupitia intaneti) inaunganika na barua pepe fupi zinapita, ila faili kubwa zinagoma kufunguka, usikimbilie kulaumu kasi ya ruta yako ya 4G. Mimi ningeanza na MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, vile vipande ambavyo data husafirishwa navyo. Kawaida ni baiti 1500. VPN huongeza mzigo wake juu, pakiti ikizidi kipimo inatupwa njiani kimyakimya. Mwombe mtu wa IT ashushe MTU ya VPN hadi 1300 hivi, kisha fungua faili lilelile.

VPN ikikataa kuunganika kabisa, hiyo ni habari nyingine. Mitandao ya simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, na baadhi ya VPN hazipendi. Uliza kama yenu inaweza kupitia TCP 443, mlango uleule unaotumiwa na tovuti salama. Halafu, kama ruta iko nyuma ya televisheni, itoe, iweke dirishani ipate mawimbi vizuri.