Ukoo wa Pucci umepotelea wapi?

SWALI: Nina mafaili mawili ya CSV (majedwali ya maandishi matupu) ya koo za Florence, Italia, ya karne ya 15, zile data maarufu za mtafiti John Padgett. Moja lina viungo vya ndoa, la pili vya biashara. Nimeliingiza kila moja peke yake kwenye R, programu ya takwimu, kwa kutumia igraph, kifurushi chake cha kuchambua mitandao. Matriki ya ndoa (jedwali la nani ana kiungo na nani) imetoka 15 kwa 15, ya biashara 11 kwa 11, na koo ni 16! Nikitaka kuzilinganisha, R inakataa.

JIBU: Orodha ya viungo humtaja mwenye kiungo tu. Pucci hana ndoa wala biashara na koo nyingine katika data hizi, kwa hiyo hana mstari hata mmoja. Acciaiuoli, Albizzi, Ridolfi na Strozzi wamo kwenye ndoa lakini hawamo kwenye biashara. Programu haiwezi kumjua asiyetajwa. Ni kazi yako kumtaja.

Andaa faili la tatu, koo.csv, lenye safu ya jina na koo zote 16. Kisha unganisha mafaili yako mawili kuwa viungo.csv lenye safu tatu, kwa mpangilio huu: kutoka, kwenda, uhusiano. Usiubadili. igraph huchukua safu mbili za mwanzo kuwa ncha za kiungo. Ukitanguliza uhusiano, "ndoa" itageuka kuwa ukoo.

n <- read.csv("koo.csv", strip.white = TRUE)
v <- read.csv("viungo.csv", strip.white = TRUE)
g <- graph_from_data_frame(v, directed = FALSE, vertices = n)

Ukikumbana na kosa kwamba kuna jina lisilo kwenye orodha ya koo, shukuru. Bila orodha hiyo, "Medicci", yaani Medici aliyekosewa tahajia, angeingia kimyakimya kama ukoo wa 17. Majina yasiyo kwenye orodha utayaona hivi:

setdiff(c(v$kutoka, v$kwenda), n$jina)

Sasa hesabu. Ndoa ni 20, biashara 15, kwa hiyo ecount(g), amri ya kuhesabu viungo, lazima itoe 35. Ukipata 70, kila jozi imeandikwa mara mbili, kwenda na kurudi, futa nusu. Ukipata 27, umepitisha simplify(), amri ya kuondoa viungo vinavyojirudia, na hilo ndilo kosa tunaloliona zaidi: jozi 8, kama Medici na Tornabuoni, zina ndoa na biashara pia, na amri hiyo imezibana kila moja kuwa kiungo kimoja. Uhusiano wa aina mbili, ambao ndio utamu wa data hizi, umepotea.

Kutenga ndoa, futa viungo vingine bila kugusa koo:

gn <- delete_edges(g, E(g)[uhusiano != "ndoa"])
as_adjacency_matrix(gn, sparse = FALSE)

Rudia kwa "biashara". Matriki zote mbili zitakuwa 16 kwa 16, majina yakifuata mpangilio ule ule wa koo.csv, na mstari wa Pucci utakuwa sifuri tupu katika zote.