Kabla ya kusaini urafiki na mji wa nje, pimeni taka zenu

Jamani mlioko halmashauri, na nyie wa vikundi vya mazingira mnaoitwaga kwenye vikao wageni wakija, nina ushauri kuhusu hii ishu ya miji yetu kushirikiana na miji ya nje: msikae mezani bila shida moja mnayoijua kwa namba zenu wenyewe. Moja tu. Mkienda na "maendeleo endelevu" mtapigwa picha, hati ya makubaliano itasainiwa, na mwakani hakuna atakayejua faili liko wapi.

Mimi niko kwenye kamati ya taka hapa Dodoma mjini, upande wa wananchi. Tuliposikia kuna wageni wa mji fulani wa Ulaya wanakuja kuongea habari za usafi, tukaazima mzani kwa mfanyabiashara wa mahindi, ile ya kupimia magunia, tukaenda kwenye ghuba la taka jirani na soko la Majengo tukaanza kupima. Unamwaga gunia kwenye turubai unachambua, nyanya zilizooza, majani ya kabichi na maganda ya ndizi huku, plastiki kule, halafu mchanga, na mchanga ni mwingi kweli maana huku kwetu mtu akifagia uwanja anazoa na vumbi lote. Plastiki ilikuwa kidogo kuliko tulivyodhani, waokota chupa walishapita alfajiri.

Sasa wageni wakaja na wazo la gari la kushindilia taka. Kwao linafaa sana, taka zao nyingi ni maboksi na vifungashio, vitu vyepesi vyenye hewa ndani, ukivibana vinapungua. Zetu zimelowa na ni nzito tayari, ukizibana unakamua maji machafu barabarani tu, na mchanga unakula mitambo. Tukawapa karatasi zetu. Mhandisi wao, mama mmoja mtulivu, akazisoma zote, akaomba apelekwe ghubani, na kuanzia hapo stori ikawa mboji, gari halikutajwa tena.

Na kwa mboji huhitaji hata pasipoti. Dar es Salaam ina urafiki na Hamburg tangu 2010, na kimojawapo kilichotoka humo ni kiwanda cha mboji cha Mabwepande kule Kinondoni, kinachotumia taka za masokoni. Taka za chakula zikifukiwa dampo zinaoza bila hewa na kutoa methane, gesi inayopasha dunia joto vibaya kuliko hata hewa ukaa, ila zikigeuzwa zipate hewa zinakuwa mbolea. Pandeni SGR mkaulize wenzenu kwanza: dizeli analipa nani, mbolea inanunuliwa na nani, mashine ikifa spea inatoka wapi. Hayo maswali muulizeni na mgeni yeyote, mapema, tena yaandikwe kwenye makubaliano.

Kingine, fundi aongee na fundi. Mwanza na Würzburg ya Ujerumani ni marafiki tangu 1966, na kwa ninavyoona mimi imedumu kwa sababu kuna watu wa kazi ndani yake, kama madaktari wa kule wanaoshirikiana na hospitali ya Bugando. Kwetu mtumishi akihamishwa anaondoka na mawasiliano yote kwenye simu yake, kwa hiyo tumieni imeili ya ofisi, na kwenye grupu la WhatsApp awepo mwenyekiti wa mtaa na wazoa taka wenyewe, na muhtasari uandikwe Kiswahili wausome.

Halafu tusiangalie Ulaya tu. Mimi ningependa sana Dodoma iongee na Windhoek, Namibia. Ni makao makuu kama sisi, ni kukavu kama huku, na tangu 1968 wanasafisha majitaka mpaka yanakuwa ya kunywa. Sisi tunategemea sana visima vya Makutupora na mji unazidi kujaa watu, mgao wa maji mnaujua. Sisemi tuanze kunywa majitaka kesho, ila kumwagilia bustani na miti ya barabarani kwa maji yaliyosafishwa hilo linaongeleka kabisa. Ila kabla ya kuwaandikia barua tujue kwanza maji kiasi gani yanatoka visimani, kiasi gani yanavujia njiani kabla hayajafika bombani kwa mtu, na majitaka kiasi gani yanaingia kwenye mabwawa. Hizo namba ziwe ukurasa wa kwanza wa barua.