Chipsi za Oveni Zinalegea

SWALI: Mhariri, kila nikioka chipsi kwenye oveni hutoka zimelegea. Nifanyeje zikauke na kuwa karakara bila kuzikaanga? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, kinachozilegeza ni unyevu. Loweka viazi ulivyokata katika maji baridi kwa dakika 30 ili wanga wa juu utoke, kisha, na hapa ndipo wengi hukosa subira, vifute kwa kitambaa safi hadi visiache tena alama ya maji. Vipake mafuta kidogo, uvitandaze bila kugusana kwenye trei iliyokwisha kupata moto, kwa maana vikirundikana huiva kwa mvuke wao wenyewe. Oka kwa nyuzi 220 za Selsiasi, ukivigeuza kingo zinapoanza kugeuka rangi. Chumvi nyunyiza mwishoni, kwani huvuta maji.